Treni ya Miaka Minne

Treni ya Masasi, kusini mwa Tanzania, ilikufa mwaka 1962. Machi ya mwaka uliofuata, Dakta Richard Beeching alitoa ripoti mjini London akipendekeza stesheni 2,363 zifungwe, pamoja na maelfu ya kilomita za reli za Uingereza. Misiba miwili imepishana kwa miezi, na sababu iliyotolewa ni ileile: reli inakula kuliko inavyoingiza. Tofauti ilijitokeza baada ya mazishi. Uingereza iliangua kilio cha vitabu ambacho hakijanyamaza mpaka leo. Masasi iliendelea na korosho zake.

Kusema kweli, Waingereza walianza kulia kabla mgonjwa hajakata roho. Tangu mwaka 1942 Ian Allan alikuwa akiuza vijitabu vyenye orodha ya namba za injini, na vijana wakisimama stesheni kuzipigia mstari kila zilipopita. Mwaka 1951 watu wa kujitolea waliichukua reli ndogo ya Talyllyn, kule Wales, wakaiendesha wenyewe. L.T.C. Rolt, mmoja wa vinara wao, akasimulia mkasa huo katika kitabu chake Railway Adventure cha mwaka 1953. Mwaka 1960 kampuni ya David & Charles ikaanzishwa, na majonzi ya reli yakawa biashara inayolipa.

Ukurasa wa vitabu hivyo ukiujua mmoja umezijua kurasa mia. Juu kuna picha ya injini iliyopigwa ubavuni, jua limelala, moshi umetanda. Chini yake kuna namba ya injini, mpangilio wa magurudumu, kiwanda kilichoiunda, mwaka ilipoanza kazi na mwaka ilipokatwa vyuma chakavu. Stesheni ya kijijini ina bustani ya maua, na bwana stesheni anamjua kila abiria kwa jina. Kama treni ilichelewa saa mbili na behewa likavuja, mwandishi analipita hilo haraka.

Tabia hiyo ilivuka bahari ikatufikia. Ramaer aliandika juu ya injini za mvuke za Afrika Mashariki mwaka 1974, na Kevin Patience akafuata mwaka 1976. Charles Miller alikuwa amekwisha kutoa The Lunatic Express mwaka 1971, kuhusu reli ya Uganda. Ni vitabu vyenye faida, na mtu asiyevisoma atakosea tarehe nyingi. Humo utakuta injini 34 za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kupewa majina ya milima yetu. Utakuta pia injini zilizobatizwa majina ya makabila: namba 2921, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi, iliitwa Masai of Kenya. Chuma kimepewa jina la kabila, lakini mtu wa kabila lolote aliyeshughulikia moto wa chuma hicho usiku kucha ni nadra kutajwa.

Reli yetu ya Kusini ilizaliwa na karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, ikaamua kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa mashine, katika maeneo yaliyohesabiwa kwa mamilioni ya ekari. Reli ikaanza kutandikwa kutoka Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, na mwaka 1949 treni zikawa zinatembea. Mradi ukavunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Reli, kama mgeni aliyefika mwenye nyumba akiwa ameshahama, ikaendelea kujengwa. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, na tawi la Masasi likafika mwaka 1958. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa Masasi siku treni ilipoingia hakuwa ameanza shule ilipoondoka. Reli ziling'olewa. Newala, iliyo juu kwenye tambarare ya Makonde, haikupata hata hiyo miaka minne, maana njia ilipita chini kabisa, upande wa bonde la Lukuledi.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema sisi hatuna utamaduni wa kukumbuka. Mtu hulilia alichokizoea. Treni ya Talyllyn ilikuwa imepita mlangoni pa watu kwa zaidi ya miaka themanini, ikawabeba wao na watoto wao. Treni ya Masasi ilikuja kwa ajili ya zao lililokwisha kushindwa. Waliobaki na uchungu nayo walikuwa wahasibu, na wahasibu hawaandiki vitabu vya majonzi. Alan Wood, aliyekuwa msemaji wa mradi wa karanga, aliandika The Groundnut Affair mwaka 1950, lakini anachokiomboleza ni mpango.

Kumbukumbu ya usafiri huku ni ya miguu na ya barabara, na ina ufundi wake. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, masimulizi ya wasafiri wenyewe kwa Kiswahili. Selemani bin Mwenye Chande anaeleza safari ya bara kwa hongo zilizolipwa, kiu, vita na waliokufa njiani. Salim bin Abakari, Mngazija, alimfuata bwana wake Bumiller mpaka Urusi na Siberia mwaka 1896, na alipanda treni ambazo mpenzi wa reli wa Kiingereza angeuza shamba azipande. Salim hana habari na namba ya injini. Macho yake yako kwa watu, kwa baridi, na kwa jinsi wenyeji wanavyomkodolea macho mtu mweusi. Chombo ni cha kumfikisha tu.

Masasi yenyewe ni zao la msafara. Askofu Steere alipotoka Lindi mwaka 1876 na watumwa walioachwa huru, lengo lilikuwa upande wa Ziwa Nyasa. Msafara ukaishia Masasi, na mji ukaota hapo. Miaka 30 baadaye Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi na Newala na fonografu yake, akanasa nyimbo kwenye nta na kuandika zile za wapagazi wake Wanyamwezi. Nadhani hizo ndizo zinazokaribia zaidi picha ya treni ya jioni, ila ndani ya wimbo mzigo una uzito na bega linauma.

Kisha kuna barabara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 juu ya Rufiji, basi la Kusini lilitegemea pantoni ya Ndundu, na masika ikikolea njia ilifungwa. Aliyekuwa na haraka alizunguka Songea na Njombe, yaani nusu ya nchi, ili afike Dar es Salaam. Kaa na watu wazima wa Masasi, taja Ndundu tu, utasikia: basi limezama mpaka ekseli, utingo anakata matawi ya kutandika, abiria wanashuka na khanga zimefungwa magotini, jioni mafiga yanawashwa kando ya njia na mhogo wa mtu mmoja unakuwa wa wote. Wanasimulia wakicheka. Hakuna anayetaka ile barabara irudi, na hapo ndipo masimulizi yao yanapoyazidi ya Waingereza kwa ukweli: wanawakumbuka wenzao bila kuipamba shida.

Lakini uliza mwaka gani. Uliza basi la nani, aina gani, dereva nani, nauli kiasi gani. Majibu yanayeyuka. Vijana wa Ian Allan, pamoja na upuuzi wao wa kupigia namba mstari, wasingekubali jambo hilo lipite. Madereva na utingo wa njia hiyo ya Kilwa wa kabla ya 2003 wengi wamestaafu, na wengine wamerudi kwenye mikorosho yao Newala na Tandahimba. Ningewaendea kwanza na swali la Salim, walikula nini na kwa nani pale Ndundu, halafu ndipo niombe kuona leseni na daftari za nauli.