Minada ya intaneti: Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

BIASHARA ya kadi adimu za michezo ya mezani kwa njia ya intaneti inahusisha fedha nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi Januari 2021, kadi moja ya karatasi iitwayo Black Lotus, ya mchezo wa Magic: The Gathering, ilinunuliwa katika mnada wa tovuti ya eBay kwa dola 511,100 za Marekani.

Mchezo huo ulibuniwa na Richard Garfield na kuanza kuuzwa na kampuni ya Wizards of the Coast ya Marekani mwaka 1993. Inakadiriwa kuwa nakala za Black Lotus zilizochapwa katika toleo la kwanza, Alpha, ni takriban 1,100 tu. Mwaka 1996, baada ya wakusanyaji kulalamika kuwa uchapaji upya ulikuwa ukishusha thamani ya kadi zao, kampuni hiyo ilitangaza orodha ya kadi ambazo haitazichapa tena kwa ajili ya mashindano.

Uhaba huo ndio unaopandisha bei, na ndio unaowavuta matapeli.

Mwishoni mwa mwaka 1993 kampuni hiyo ilitoa pia toleo maalumu kwa wakusanyaji. Kwa mbele, kadi zake zinafanana na za toleo la pili, Beta, ambazo bei yake ni kubwa zaidi. Tofauti ni kwamba pembe zake ni za mraba na upande wa nyuma una mpaka wa rangi ya dhahabu. Tapeli huzikata pembe zikawa za mviringo, akapiga picha ya mbele pekee, kisha akaitangaza kadi kuwa ni Beta. Kwa sababu hiyo, mnunuzi anashauriwa kudai picha za pande zote mbili kabla ya kutaja dau.

Aidha, zipo kampuni za upimaji, zikiwamo PSA na Beckett, ambazo huipa kadi alama kuanzia 1 hadi 10 na kuifunga katika kasha la plastiki lenye namba. Namba hiyo huhakikiwa katika tovuti ya kampuni husika.

Jambo la pili ni kuelewa jinsi bei inavyopatikana. Katika eBay, iliyoanzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995, mnunuzi huandika kiwango cha juu kabisa alicho tayari kulipa, na mfumo humpandishia dau kidogo kidogo. Iwapo mmoja ameandika dola 200 na mwenzake dola 120, wa kwanza hushinda kwa kiasi kinachozidi kidogo dola 120. Kwa maneno mengine, bei huamuliwa na aliyeshindwa.

Hata hivyo, wengi husubiri sekunde za mwisho. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels walieleza kwamba tabia hiyo hustawi pale mnada unapofungwa kwa saa maalumu isiyosogezwa. Aliyepitwa katika dakika hizo hushawishika kupandisha dau kwa hasira. Kinga yake ni kuamua kikomo mapema, gharama za usafirishaji na ushuru zikiwa zimehesabiwa ndani, na kutokivuka.

Kwa upande wake, muuzaji hana sababu ya kuficha kasoro. Mkunjo au mchubuko usiotajwa hurudisha mzigo na kumharibia sifa, ambayo kila mnunuzi ajaye ataisoma. Kujipandishia dau kwa jina la mtu mwingine nako kumepigwa marufuku.

Mwisho, malipo yafanyike ndani ya mfumo wa tovuti yenyewe. Muuzaji anayeomba fedha zitumwe pembeni, kwa ahadi ya punguzo, anamwondolea mnunuzi ulinzi pekee alionao iwapo mzigo hautafika.