Hali ya Ngali: Istilahi kwa Wapimaji wa Faida za Barabara na Reli

Lami ikifika mji mdogo, mabadiliko huonekana upesi. Kiwanja kilichokuwa kikiuzwa kwa bei ya shamba huanza kupimwa kwa hatua, maduka ya saruji na mabati hufunguliwa, bodaboda huongezeka, na mnunuzi wa mahindi huja na lori lake mwenyewe. Miaka mitano baadaye anakuja mtaalamu na dodoso, analinganisha takwimu za kabla na za baada, kisha anaandika kwamba barabara imeinua uchumi wa wilaya. Taarifa hiyo husomwa bungeni, huchapwa magazetini, na hutumika kuombea mkopo mwingine.

Wachumi wanaochunguza fedha za usafirishaji na matokeo yake hawaridhiki na hesabu ya namna hiyo. Miaka mitano ni mingi. Bei ya mazao inaweza kuwa imepanda, mvua zimekuwa nzuri, umeme umefika, watu wamezaana. Wanachotaka kujua ni hiki: mji huo ungalikuwaje leo, kwa mvua hizi hizi na bei hizi hizi, kama barabara isingalijengwa? Hali hiyo ambayo haikutokea, na ambayo hakuna atakayeiona kwa macho, Waingereza huiita "counterfactual". Faida ya barabara ni tofauti kati ya mji tunaouona na mji huo tusiouona. Kiswahili bado hakijatulia juu ya jina lake. Mimi napendekeza tuiite hali ya ngali.

Kwanza tuone inavyofanya kazi. Mwaka 1964 Robert Fogel, mwanahistoria wa uchumi wa Marekani, alitoa kitabu kilichowakera wengi. Wakati huo iliaminika kwamba reli ndizo zilizoijenga Marekani. Fogel aliuchukua mwaka 1890 akauliza: mazao ya shamba yangalifikaje sokoni kama kusingalikuwa na reli? Akaihesabu mifereji iliyokuwapo na ile ambayo ingaliweza kuchimbwa, gharama za mashua na mikokoteni, mizigo inayopotea njiani, na miezi ya baridi ambapo maji huganda na mashua hazipiti. Alipotoa hesabu moja katika nyingine, alichopata kilikuwa asilimia chache tu za pato la taifa. Reli zilikuwa na faida, lakini nchi isingalikufa bila hizo. Walimpinga, na baadhi ya hoja zao ni nzito, maana kuzikisia gharama za mifereji ambayo haikuchimbwa si kazi ya uhakika. Hata hivyo tangu hapo imekuwa vigumu kwa mtafiti kuisifu reli bila kusema anailinganisha na nini. Mwaka 1993 Fogel alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Douglass North.

Mfano wa kwetu ni reli ya Mombasa. Ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika mahali palipokuja kuwa Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikagusa Ziwa Victoria mahali panapoitwa leo Kisumu. Waingereza waliitaka Uganda na chanzo cha Mto Nile. Nchi ya katikati ilipitiwa tu kwa sababu iko njiani. Kwa mtafiti, hiyo ni bahati. Reli ikipelekwa mahali kwa sababu ya rutuba, huwezi kujua kama ustawi umeletwa na reli au na udongo. Ikipita mahali kwa sababu za kifalme zisizohusu mahali hapo, unaweza kuwatazama waliopitiwa na wale wanaofanana nao ambao hawakupitiwa, na hao wa pili wakakupa picha ya hali ya ngali. Rémi Jedwab, Edward Kerby na Alexander Moradi walifanya hivyo katika utafiti uliotoka mwaka 2017. Walikuta kwamba walowezi na miji viliifuata reli. Baada ya uhuru walowezi wengi waliondoka na reli yenyewe ikazorota, lakini miji ilibaki pale pale ilipopandwa.

Dave Donaldson alipoichunguza India alipata njia nyingine ya kuiona hali hiyo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imechora njia nyingi za reli, ikazipima, nyingine hata zikaidhinishwa, lakini mataruma hayakuwahi kulazwa. Michoro ikabaki kwenye majalada. Donaldson akaichukua na kuuliza kama wilaya za reli za karatasini nazo zilistawi. Kama zingalistawi sawa na wenzao, basi sifa isingalikuwa ya reli. Ingalikuwa ya mahali palipochaguliwa. Hazikustawi hivyo. Wilaya zilizofikiwa na reli ya kweli zilipata ongezeko la kama asilimia 16 katika mapato halisi ya kilimo. Nalipenda sana jambo hili, kwamba mchoro wa njia iliyoahirishwa unaweza kuwa shahidi bora kuliko stesheni yenye saa na bendera.

Sasa jina. Wengi wa watafsiri wetu huandika "hali mbadala". Neno mbadala lina kazi nyingine tayari, na katika mambo ya barabara hasa, njia mbadala ni ile askari wa usalama barabarani anayowaelekezea madereva daraja linapokatika. Ipo, na inapitika. Tunachokitafuta hakipo. "Hali ya kufikirika" inakaribia, ila inanuka ubunifu. Msomaji wa Shaaban Robert ataikumbuka nchi yake ya Kufikirika, na mtafiti atasikika kama mtu anayetunga. "Kundi la ulinganisho" ni istilahi sahihi, lakini ni ya chombo kinachotumika kuipima hali hiyo, si ya hali yenyewe.

Wakati huo huo sarufi yetu inalo jambo hili ndani ya kitenzi. Darasani tulifundishwa kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado linawezekana na -ngali- ni ya jambo ambalo wakati wake umeshapita. Tofauti hiyo inaangukia pale pale wataalamu wanapoihitaji. Katika upembuzi yakinifu, kabla ya mkopo kusainiwa, mhandisi anaandika kwamba barabara isingejengwa magari yangeendelea kuzunguka. Katika tathmini, miaka kumi baada ya lami kukauka, anaandika kwamba isingalijengwa magari yangalizunguka. Najua kwamba wasemaji wengi wa leo hutumia -nge- kwa yote mawili, wengine wakasema -ngeli-. Istilahi haiwakatazi. Inaitumia tofauti ambayo lugha inayo na wengi wetu tumeiacha ilale.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. "Ngali" pia humaanisha bado: barabara ingali mbovu, mgonjwa angali kitandani. Mtu anaweza kuchanganyikiwa. Kwa sababu hiyo nasema "hali ya ngali" kwa ukamilifu wake, wala sipendekezi neno "ngali" lisimame peke yake. Ndani ya sentensi ya tathmini sioni mahali ambapo maana hizo mbili zitagongana.

Faida kubwa ya istilahi hii naiona kwenye matengenezo, na hapo ndipo pesa za mwananchi zinapoingia moja kwa moja. Kenya na Tanzania zote mbili hutoza kila lita ya mafuta kwa ajili ya mfuko wa barabara. Kenya iliipandisha tozo hiyo kutoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024, na watu wakalalamika, kwa sababu mtu akitazama barabara iliyotunzwa vizuri huona ile ile ya mwaka jana. Pesa zimekwenda wapi? Zimekwenda kwenye tofauti isiyoonekana. Ufa wa lami usipozibwa, maji ya mvua huingia hadi tabaka la chini. Malori yanapopita, tabaka lililolowa hulegea, kokoto huachana, na ufa huwa shimo. Shimo huzaa mashimo, mpaka barabara yote inahitaji kufumuliwa. Kwa hiyo hali ya ngali ya matengenezo si barabara kama ilivyo leo. Ni barabara iliyokwisha. HDM-4, programu inayotumiwa na wahandisi wa barabara katika nchi nyingi, hufanya hesabu hiyo hasa: hupewa hali ya lami, idadi ya magari na hali ya hewa, kisha huikokotoa barabara mwaka baada ya mwaka ikitunzwa na isipotunzwa. Matengenezo hayana utepe wa kukata, ndiyo maana hunyimwa fedha kirahisi. Bila hali ya ngali, thamani yake haisemeki.

Upande wa siasa, Robin Burgess na wenzake walichapisha mwaka 2015 uchunguzi wa fedha za barabara nchini Kenya kuanzia 1963 hadi 2011. Waliuliza barabara zingalikwenda wapi kama zingaligawanywa kwa kufuata idadi ya watu. Wakakuta kwamba katika miaka isiyo ya demokrasia, wilaya zenye kabila la rais zilipata mara mbili ya fedha na mara tano ya urefu wa lami kuliko zilivyostahili kwa kipimo hicho. Katika miaka ya demokrasia upendeleo huo ulitoweka. Ramani ya barabara zilizopo peke yake isingaliweza kuonyesha hayo.

Na kuna kuhama. Mama lishe aliyeondoka barabara ya zamani akafungua banda kwenye barabara mpya huhesabiwa kama biashara mpya, ingawa pato la wilaya halikuongezeka kwa sahani hata moja. Benjamin Faber aliona jambo kubwa zaidi China: barabara kuu zilizounganisha majiji makubwa zilipunguza kasi ya ukuaji wa viwanda katika wilaya ndogo zilizopitiwa njiani, zikilinganishwa na zile ambazo hazikupitiwa.

Waandishi wa habari na madiwani, taarifa ya mradi ikiletwa mezani, itafuteni hali ya ngali ndani yake: inalinganishwa na nini, na ulinganisho huo umepatikanaje. Kama kilichomo ni kabla na baada tu, irudisheni kwa aliyeiandika.