Frii

Dereva wa Meru anayeteremka kuelekea Daraja la Nithi, kwenye barabara ya kwenda Embu, hasemi ametoa gia. Husema ameweka frii. Neno tamu, na nadhani utamu huo ndio unaotuponza: frii ni bure pia, na wengi huamini mteremko ule wanaupita bila kulipia petroli.

Hesabu hiyo ni ya enzi za kabureta. Injini ya kisasa, gari likiteremka kwenye gia na mguu umetoka kwenye eksileta, hukata mafuta kabisa. Ukiweka frii, injini hunywa kidogo isije ikazima. Tena haizuii gari hata chembe. Mzigo wote huangukia breki, nazo zikichemka unakanyaga bure (bure ya pili hiyo).

Pale Nithi, Julai 2022, basi lililotoka Meru lilitumbukia bondeni, wakafa watu zaidi ya 30.

Mimi napenda zaidi "gia nzito", yaani ile ya namba ndogo. Ukishuka na namba mbili, uzito wenyewe unausikia: injini inanguruma, gari linasitasita kama ng'ombe asiyetaka kuvuka mto.