Kura Haijui Kuguna

Watanzania walioingia vituoni mwaka 1965 kumchagua rais walikabidhiwa karatasi yenye picha moja tu. Upande mmoja alikuwapo Mwalimu Nyerere. Upande wa pili kulikuwa na kivuli kisicho na sura wala jina. Aliyemtaka Mwalimu aliweka alama kwenye picha, asiyemtaka akaweka kwenye kivuli. Mwalimu akapata asilimia 96 na ushei. Miaka kumi baadaye, watu wakiwa wanahamishiwa vijijini, wengine wakipakiwa kwenye malori bila kuulizwa, kivuli kile kile kiliambulia chini ya asilimia 7.

Kivuli hakikuwa na wakala, hakikuitisha mkutano wala kubandika bango. Hata hivyo ninakiwaza kwa heshima fulani kila niwasikiapo watu wakimcheka mpiga kura asiye na upande. Huyo huitwa popo, si ndege si mnyama. Huambiwa hana msimamo, au kwamba anasubiri fulana na kilo ya sukari ndipo aamue. Wanaomcheka hudhani kwamba yeye hawajui wagombea. Mara nyingi shida yake ni kuwajua wote wawili kupita kiasi. Msimamo anao, nao ni "hapana". Kinachomkosesha usingizi ni kwamba karatasi haina mahali pa kuiweka.

Wayunani wa Athens, karne ya 5 kabla ya Kristo, waliitengea hapana uchaguzi wake kabisa. Mara moja kwa mwaka raia waliulizwa kama wangependa kumfukuza mtu mjini. Wakikubali, siku ikipangwa, kila mmoja alichukua kigae cha chungu kilichovunjika akakwangua juu yake jina la anayemchukia. Vigae vikifika 6,000, mwenye jina lililozidi aliondoka kwa miaka kumi, mali yake ikabaki salama. Plutarch anasimulia kuhusu mtu wa shamba asiyejua kuandika aliyemwendea Aristeides bila kumtambua, akamwomba amwandikie jina la Aristeides kwenye kigae. Alipoulizwa huyo amemkosea nini, alijibu kwamba hajamkosea chochote, ila amechoka kumsikia kila pembe akiitwa Mwadilifu. Aristeides akaliandika jina lake mwenyewe. Akafukuzwa mwaka 482 KK.

Mwisho wa desturi hiyo una mafunzo zaidi kuliko mwanzo wake. Karibu mwaka 416 KK vigogo wawili, Alcibiades na Nicias, walikuwa wakivutana, na kila mmoja alijua kwamba vigae vingeweza kumwangukia. Wakafanya shauri kimya kimya. Wafuasi wa pande zote mbili wakaandika jina la mtu wa tatu, Hyperbolus, naye akaondoka. Wananchi walipogundua jinsi walivyochezewa waliichukia silaha yenyewe, na haikutumika tena. Wakubwa wawili waliochokwa, wanaogombana mchana na kuelewana usiku: hadithi hiyo haihitaji mkalimani huku kwetu.

Turuke karne nyingi hadi Marekani ya 1884. Chama cha Republican kilimleta James Blaine, Spika wa zamani aliyetuhumiwa kujinufaisha kwa biashara za makampuni ya reli. Katika barua zake zilizofika magazetini, moja ilimwagiza aliyeandikiwa aichome. Democratic wakamleta Grover Cleveland, gavana wa New York aliyesifiwa kwa kukataa rushwa, na kampeni haijafika mbali ikazuka habari ya mtoto wa nje ya ndoa, ambayo hakuikana. Warepublican waliomkimbia Blaine walibatizwa jina la Mugwump, neno la wenyeji wa asili lenye maana ya mkubwa, likageuzwa kuwa la dhihaka. Kati yao ilizunguka hoja iliyonichekesha nilipoisoma mara ya kwanza: Cleveland ni mwaminifu ofisini na ana doa nyumbani, Blaine ni safi nyumbani na ana doa ofisini, basi kila mtu apelekwe pale anapofaa. New York ndiyo iliyoamua, kwa tofauti ya kura elfu moja na ushei katika kura zaidi ya milioni moja. Cleveland akaingia Ikulu.

Hao walibahatika, maana tofauti ya wagombea wao iliweza kuelezwa kwa sentensi moja. Wafaransa wamekuwa na kazi ngumu zaidi. Uchaguzi wao wa rais una duru mbili, na husemwa kwamba katika ya kwanza mtu huchagua na katika ya pili hukataa. Mwaka 1969 duru ya pili ilibaki na Georges Pompidou na Alain Poher, wote wa mrengo ule ule kwa macho ya wafanyakazi. Jacques Duclos, Mkomunisti aliyeshika nafasi ya tatu, alisema tofauti yao ni ya kofia nyeupe na nyeupe kofia. Sisi tungesema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Karibu theluthi moja ya waliojiandikisha walibaki nyumbani.

Halafu ikaja Aprili 21, 2002. Wagombea walikuwa 16, na kila mtu alijua kwamba duru ya pili itakuwa kati ya Rais Jacques Chirac na Waziri Mkuu Lionel Jospin. Kwa kuwa walijua, watu wa mrengo wa kushoto walijipa ruhusa ya kumpa kura ya kwanza kila mmoja kipenzi chake. Jioni ile Jospin alikuwa wa tatu kwa asilimia 16.2, na wa pili, kwa asilimia 16.9, alikuwa Jean-Marie Le Pen wa siasa kali za kuchukia wageni. Tofauti haikufika kura laki mbili.

Kwa majuma mawili mwalimu wa Lille au fundi wa Marseille aliyempinga Chirac maisha yake yote alilazimika kufikiri upya. Chirac alikuwa akiandamwa na tuhuma za enzi zake za umeya wa Paris, akikingwa na kinga ya urais. Mwaka 2011 mahakama ilikuja kumtia hatiani. Kauli mbiu ya mitaani ikawa: mpigie tapeli, usimpigie fashisti. Wengine walisema watakwenda na kibanio cha nguo puani na glavu mikononi. Walikwenda kweli. Mei 5 Chirac alipata asilimia 82.

Namba hiyo ndiyo inayonisumbua. Mtu aliyependwa na asilimia chini ya 20 katika duru ya kwanza alitoka kwenye sanduku akiwa na ushindi ambao viongozi wengi wa nchi za vyama vingi wanaota tu. Kura ya aliyeziba pua ilihesabiwa sawasawa na kura ya aliyepiga vigelegele. Hakuna karani aliyeandika pembeni kwamba huyu alipiga huku akiguna. Chirac akaunda serikali ya mrengo wake wa kulia, na mwaka uliofuata mabadiliko ya pensheni yakawajaza barabarani wengi wa wale wale waliomwokoa. Je, walikosea? Sidhani. Lakini ukilipa deni kwa noti isiyo na jina, usishangae anayepokea akiiita zawadi.

Mwaka 2014 Wafaransa walitunga sheria ya kuzihesabu kura nyeupe, yaani karatasi tupu, peke yake, zisichanganywe na zilizoharibika. Mwaka 2017, Emmanuel Macron akichuana na binti wa Le Pen, watu zaidi ya milioni 4 waliweka karatasi tupu au iliyoharibika. Zikatangazwa, zikaandikwa, na asilimia za washindi zikapigwa bila kuzijumuisha. Kura nyeupe imepewa chumba, ila haijaitwa mezani.

Peru huna hata njia ya kubaki nyumbani: kupiga kura ni lazima, na asiyepiga hutozwa faini. Mwandishi Mario Vargas Llosa aligombea urais huko mwaka 1990 akashindwa na Alberto Fujimori, mtaalamu wa kilimo ambaye muda mfupi kabla hakuna aliyemjua. Kwa miaka mingi baadaye aliipinga familia hiyo. Aliwahi kusema kwamba kuchagua kati ya Keiko, binti wa Fujimori, na mwanajeshi wa zamani Ollanta Humala kungekuwa kuchagua kati ya UKIMWI na saratani isiyotibika. Mwaka 2011 duru ya pili ikawa hao hao. Akamuunga mkono Humala, Humala akashinda, na mwaka 2025 mahakama ikamhukumu kifungo cha miaka 15 kwa utakatishaji fedha. Mwaka 2021 Keiko alirudi duru ya pili, safari hii na Pedro Castillo, mwalimu wa shule ya msingi kutoka mkoa wa Cajamarca. Katika duru ya kwanza wote wawili kwa pamoja hawakufika asilimia 33. Vargas Llosa, akiwa na miaka 85, akawaomba Waperu wampigie Keiko kama shari iliyo ndogo. Castillo akashinda kwa kura 44,000 na ushei, huku zilizoharibika zikipita milioni moja. Desemba 2022 alijaribu kulivunja Bunge akaondolewa na kukamatwa siku hiyo hiyo. Mtu aliyesoma na kuandika siasa maisha yake yote aliamua kwa namna mbili tofauti ndani ya miaka kumi. Sijui kwa nini tunamdai kijana wa bodaboda awe na uhakika zaidi.

Kongo, mwaka 2006, duru ya pili ilimkutanisha Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba, wote waliofika mezani kwa nguvu ya majeshi. Mashariki kwa wasema Kiswahili walimpa Kabila, magharibi kwa wasema Kilingala wakampa Bemba. Wafuasi wa mpinzani Étienne Tshisekedi, aliyesusia uchaguzi, hawakuwa na wa kwao, na huko Kasai wengi hawakujisumbua kutoka.

Huko Marekani, jimbo la Nevada limejaribu kukirudisha kivuli kwenye karatasi. Tangu miaka ya 1970 wapiga kura wake wana mstari unaosema "hakuna kati ya wagombea hawa". Mwaka 2016, Marekani ikichagua kati ya Hillary Clinton na Donald Trump, watu 28,863 waliuchagua mstari huo. Clinton alilishinda jimbo kwa kura 27,202. Februari 2024 Nikki Haley alishindwa na mstari huo kwenye mchujo wa Republican ambao Trump hakushiriki. Lakini hata "hakuna" akiongoza, sheria humpa ushindi binadamu anayefuata.

Majirani zetu wa Kenya hawakuwa na kivuli. Kuanzia 1969 hadi 1988 Jomo Kenyatta, kisha Moi, walipita bila kupingwa, na karatasi ya urais haikuchapishwa kamwe. Kwenye mchujo wa ubunge wa 1988 hata siri iliondolewa: ukaja mlolongo, watu wakisimama nyuma ya picha ya mgombea. Mwili hauwezi kusimama nusunusu. Na watu waliojipanga wakashuhudia kwa macho yao mistari mifupi ikitangazwa kuwa mirefu.

Ilichukua hadi Machi 2013 kwa mahakama kuulizwa waziwazi kura ya asiyemtaka mtu ni kura au ni uchafu. Katiba mpya ya Kenya inadai mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Uhuru Kenyatta alitangazwa kuwa na asilimia 50.07, akiuvuka mstari kwa kura elfu nane na ushei. Zilizokataliwa zilikuwa zaidi ya laki moja. Ukizihesabu, mshindi ananing'inia, ukizitupa, anapumua. Wengi walizikosea tu, maana siku hiyo kila mtu alipewa karatasi sita za rangi sita azitie kwenye masanduku sita. Wengine walijua walichofanya, na karatasi haisemi ni wepi. Mahakama ya Juu chini ya Willy Mutunga iliamua kwamba kura iliyokataliwa si kura, haiingii kwenye hesabu.

Zanzibar walikuwa wameshaonyesha hapana ikihesabiwa inafanya nini. Mwaka 1985 Idris Abdul Wakil alisimama peke yake kugombea urais wa visiwa, baada ya Seif Sharif Hamad kuachwa kwenye uteuzi wa chama. Kwenye urais wa Muungano, mwaka huo huo, Mwinyi alipata ndiyo kwa zaidi ya asilimia 95. Wakil hakufika theluthi mbili, na Pemba ndiko hapana ilikojaa. Alitawala muhula mmoja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kisiwa kimesema nini.

Mwaka 1995 karatasi ya Tanzania ikajaa picha nne, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, na kivuli kikaondoka bila kuagwa. Tuliona ni maendeleo. Halafu kwenye ubunge likaota neno "kupita bila kupingwa": mwaka 2020, katika majimbo zaidi ya ishirini, wapinzani walienguliwa au walijitoa, na mwananchi alinyimwa picha na kivuli kwa pamoja. Sheria mpya ya uchaguzi ya mwaka 2024 ikaifuta desturi hiyo. Mgombea aliyebaki peke yake sasa anapigiwa ndiyo au hapana.