Mganga, Tabibu na Daktari: Msamiati wa Kiswahili katika Historia ya Tiba ya Katavi

Historia ya tiba, kama uwanja wa masomo ya uzamili na uzamivu, kwa kawaida hujengwa juu ya taarifa za hospitali, sheria za afya na barua za maofisa. Nyaraka hizo ni za lazima, lakini zina upungufu mmoja: hueleza zaidi fikra za aliyetibu kuliko za aliyetibiwa. Katika eneo la Mpanda, ambalo tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi, upungufu huo unaweza kuzibwa kwa kiasi fulani na lugha. Mhadhara huu unadai kwamba maneno waliyoyatumia watu kumtaja mponyaji na maradhi ni ushahidi wa kihistoria, na kwamba mtafiti asiyeyachunguza huweza kufikia matokeo yasiyo sahihi.

Mfano wa kwanza unapatikana Karema, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Kituo cha Karema kilianzishwa mwaka 1879 na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoongozwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika. Mwaka 1889 aliwasili hapo Adrian Atiman, aliyezaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani na kuvushwa jangwa la Sahara, hadi alipokombolewa na wamisionari nchini Algeria. Kardinali Lavigerie alimpeleka Malta pamoja na vijana wengine Waafrika, na huko alisomea utabibu kuanzia mwaka 1881 hadi 1888. Alihudumu Karema hadi alipofariki mwaka 1956, yaani kwa takribani miaka 67. Maelezo ya maisha yake yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1946.

Kwa mwanahistoria wa tiba, maisha haya yanavunja dhana iliyozoeleka kwamba tiba ya kisasa ililetwa katika bara la Tanganyika na Wazungu peke yao. Kwa mwanaisimu, yanaibua swali jingine. Kumbukumbu za misheni humtaja Atiman kuwa tabibu na katekista. Je, mgonjwa wa Kibende aliyekwenda kwake alimwendea nani? Tabibu ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo humleta mtu mwenye elimu ya vitabuni. Daktari ni neno la mkopo kutoka Ulaya, na limefungamana na cheo kinachotokana na shule na cheti. Mganga ni neno la Kibantu, lenye ndugu zake kuanzia Kongo hadi Zimbabwe, nalo humtaja mtu anayeshughulikia mwili, ukoo na mizimu kwa pamoja. Kwa hiyo, neno lililochaguliwa na mgonjwa linadokeza alichokitarajia: dawa tu, au pia maelezo ya kwa nini maradhi yamempata yeye na si jirani yake.

Historia ya neno mganga yenyewe ni historia ya madaraka. Katika maandishi mengi ya kikoloni mganga aliwekwa kundi moja na mchawi, ilhali katika fikra za wenyeji wawili hao ni mahasimu. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 iliwaweka mashakani hasa wale waliotumia ramli. Hata hivyo, neno halikufa. Serikali yenyewe imelitwaa, na leo daktari wa ngazi ya juu kabisa katika utumishi wa umma huitwa Mganga Mkuu wa Serikali. Upande wa pili, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua waganga wa tiba asili. Neno moja limebeba taasisi mbili, na mtafiti anayelitafsiri kwa neno moja tu la lugha ya kigeni hupoteza nusu ya maana.

Mfano wa pili ni malale. Neno hili limeundwa kutokana na kitenzi lala, na hutaja ugonjwa kwa dalili yake ya mwisho. Jina hilo linaafiki aina ya gambiense, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilienea kando ya Ziwa Tanganyika na ambayo huchukua miaka kumdhoofisha mgonjwa. Lakini aina ya rhodesiense, iliyotambuliwa Tanganyika katika mlipuko wa Maswa mwaka 1922, huua kwa wiki au miezi michache. Mgonjwa wake huweza kufa kwa homa kabla usingizi haujadhihirika. Mtafiti anayemuuliza mzee wa Mpanda iwapo malale iliua watu kijijini kwao huenda akajibiwa kwamba haikuua, kwa sababu waliokufa walikumbukwa kuwa walikufa kwa homa.

Swali hilo si dogo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika, wakiwamo Wakonongo, na kuwakusanya katika makazi makubwa. Hoja ya wataalamu ilikuwa kwamba mashamba yaliyopakana hufyeka vichaka vinavyohifadhi mbung'o, na kwamba wagonjwa waliokusanyika huonekana mapema. Hata hivyo, maeneo yaliyoachwa yaligeuka pori. John Ford mwaka 1971 na Helge Kjekshus mwaka 1977 walionyesha jinsi mbung'o anavyosonga mbele pale binadamu anaporudi nyuma. Kama waliohamishwa hawakuwa wakiona malale miongoni mwao, basi kwao kuhamishwa hakukuwa tiba bali amri.

Tasnifu ya uzamivu ya Julie Weiskopf, iliyowasilishwa Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 2011 kuhusu makazi ya aina hiyo Buha, imethibitisha kwamba uwanja huu unafaa kufanyiwa utafiti wa kina. Kwa upande wa Katavi, kazi kama hiyo inahitaji mwanahistoria anayeweza kusoma nyaraka za misheni na za serikali, na wakati huohuo kuuliza maswali kwa Kibende, Kipimbwe na Kikonongo. Kiswahili pekee hakitoshi, kwa sababu nacho kiliingia katika zahanati kikiwa lugha ya utawala. Waliohamishwa wakiwa watu wazima wamekwisha kufariki. Waliobaki wanasimulia waliyoyasikia kwa wazazi wao. Kila msimulizi anapoondoka, huondoka na majina ya maradhi ambayo hakuna ofisa aliyeyaandika.