Olla de carne: Chungu cha nyama, muhogo na magimbi kutoka Costa Rica

Costa Rica ni nchi ndogo ya Amerika ya Kati, imebanwa kati ya Nicaragua na Panama. Jumapili mchana, nyumba nyingi huko hunukia kitu kimoja: nyama ya ng'ombe yenye mifupa ikichemka taratibu pamoja na mizizi ya shambani. Chakula hicho kinaitwa olla de carne, na hutamkwa "oya de karne". Kwa Kihispania olla ni chungu na carne ni nyama. Yaani jina lenyewe ni hilo tu, chungu cha nyama.

Kwa mpishi wa Afrika Mashariki habari njema ni kwamba karibu kila kitu kinapatikana soko la jirani. Muhogo upo. Magimbi, ambayo Wakenya huyaita nduma, yapo. Viazi vitamu, mahindi mabichi, ndizi za kupika, boga, karoti na kabichi navyo havitafutwi mbali. Kinachowaangusha wengi ni mazoea. Mkono uliozoea kuanza na mafuta, kitunguu na nyanya utataka kuigeuza rosti, halafu unga wa viungo unafuata, na mwisho kinachopakuliwa ni mchuzi mzuri tu wa nyumbani wenye jina la kigeni.

Olla de carne haikaangwi. Haina nyanya wala unga wa kuuzitisha mchuzi. Supu yake ni nyepesi na safi, na uzito wote unatoka kwenye mifupa.

Ilikotoka

Kabla ya Wahispania kufika, bara la Amerika halikuwa na ng'ombe. Wao ndio waliowaleta, pamoja na desturi yao ya kuchemsha nyama na mboga katika chungu kimoja, chakula ambacho kwao kiliitwa olla podrida. Chungu hicho kilipofika Amerika ya Kati kikakuta muhogo, viazi vitamu, mahindi na maboga, mazao ambayo wenyeji walikuwa wakiyalima tangu zamani sana. Ndizi zilikuja baadaye, asili yake ikiwa Asia.

Muhogo na mahindi nayo yalivuka bahari kuja upande huu. Wareno ndio wanaotajwa kuyaleta Afrika kuanzia karne ya 16. Kwa hiyo sahani ya Costa Rica kufanana na chakula cha Tanga au Kisii si jambo la ajabu, maana mazao ni yaleyale. Aliyezoea mtori wa Kilimanjaro atatambua haraka ndizi na nyama kukaa pamoja, ila huku ndizi hazipondwi. Kila kipande hubaki na umbo lake, na hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika upishi huu.

Majirani wa Costa Rica wana vyungu vyao pia. Nicaragua, Honduras na El Salvador hupika sopa de res, supu ya ng'ombe yenye mboga, na kila nyumba ina ubishi wake kuhusu nini kiingie na nini kisiingie.

Nyama ya kununua

Hapa usiende kutafuta steki. Nyama laini isiyo na mfupa hukauka na kuwa kama kamba ikichemshwa saa mbili, na supu yake huwa maji matupu. Muombe mwenye bucha mbavu, au nyama ya mguu iliyokatwa na mfupa wake, wenye uboho ndani. Ni nyama ya bei nafuu, na kwa chakula hiki ndiyo bora. Ile mishipa migumu inayowakera walaji ikichemka taratibu hulainika na kuyeyuka, na ndiyo inayofanya supu inatenate kidogo kwenye midomo.

Kwa watu sita hadi wanane, kilo moja na nusu ya nyama yenye mifupa inatosha, na sufuria iwe kubwa, ya lita 8 hadi 10. Andaa kitunguu kimoja kikubwa, punje nne au tano za kitunguu saumu, pilipili hoho moja, mashina mawili ya seleri na fungu la kotmiri (dania). Watu wa Costa Rica hutumia pia jani refu lenye harufu kama ya kotmiri lakini kali zaidi, wao huliita culantro coyote. Ukilikosa, kotmiri itatosha.

Upande wa mizizi na mboga, chukua nusu kilo ya muhogo, magimbi manne ya wastani, viazi vitamu viwili, mahindi mabichi mawili yaliyokatwa vipande vitatu kila moja, ndizi mbichi mbili za kupika, karoti mbili, kipande cha boga na robo ya kabichi. Chayote, tunda la kijani lenye umbo kama la peasi, nalo ni la kawaida kwenye chungu hiki. Pasipokuwa na chayote, mung'unye mchanga unashika nafasi yake vizuri.

Moto na zamu

Nyama huwekwa kwenye maji baridi, lita tatu na nusu hivi, pamoja na kijiko kimoja cha chakula cha chumvi. Maji yakianza kuchemka, povu la kijivu hupanda juu. Liengue lote kwa kijiko kipana, hata kama itachukua dakika kumi. Hapo ndipo supu safi inapopatikana. Ukilichanganya povu ndani, supu itakuwa na rangi ya tope na haitasafika tena.

Povu likiisha, tia kitunguu, kitunguu saumu, hoho na seleri, kisha punguza moto. Kwenye jiko la mkaa, toa makaa kadhaa. Unataka kuona vipovu vichache vikipanda taratibu, si mtokoto wa kugonga mfuniko. Acha hivyo saa moja na nusu hadi mbili, mpaka uma uingie kwenye nyama bila kulazimisha. Weka maji ya moto pembeni ya kuongezea yakipungua. Mwenye sufuria ya presha anaweza kumaliza hatua hii kwa dakika 40 hivi, halafu aendelee na mboga sufuria ikiwa wazi.

Sasa ndiyo zinaanza zamu. Muhogo na mahindi hutangulia, maana huchukua dakika 30 hadi 40. Baada ya dakika kumi tia magimbi na ndizi. Zikipita kumi nyingine, karoti na viazi vitamu. Chayote na boga hungoja mpaka zibaki dakika 15, na kabichi dakika kumi za mwisho. Kotmiri hutupwa ndani moto ukikaribia kuzimwa. Ukitia vyote mara moja, boga litakuwa uji wakati muhogo bado una kiini kigumu.

Ndizi mbichi zina tabia ya kuitia supu weusi. Wapishi wasiopenda hilo huzichemsha kando na kuziingiza mwishoni. Na anayetaka rangi ya dhahabu anaweza kutia mbegu kidogo za bixa, zao ambalo wakulima wa Kwale, pwani ya Kenya, wanalifahamu vizuri. Si lazima.

Muhogo usioujua

Hili lisichukuliwe kirahisi. Muhogo una kemikali zinazotoa sumu ya sianidi. Katika muhogo mtamu kiasi ni kidogo, na kumenya vizuri kisha kuchemsha mpaka uive kunatosha. Muhogo mchungu ni habari nyingine: kuchemsha peke yake hakutoshi, unahitaji kuvundikwa au kulowekwa na kukaushwa kwanza. Kwa hiyo muhogo mchungu haufai kabisa kwenye chungu hiki. Kama hujui uliununua upi, muulize muuzaji. Muuzaji naye asipojua, uache, ongeza viazi vitamu.

Wapishi waangalifu huuchemsha muhogo kando, bila mfuniko, wakamwaga maji yake na kuuingiza chunguni ukiwa umekaribia kuiva. Supu inapoteza ladha kidogo tu.

Magimbi nayo yana vichomozi vidogo sana vinavyowasha ngozi na koo. Yamenye mikono ikiwa mikavu au imepakwa mafuta, na usiyaonje yakiwa nusu mbichi.

Mezani

Kule Costa Rica chakula hiki hakimwagwi chote kwenye bakuli moja. Supu huja peke yake kwenye bakuli, ya moto kabisa. Nyama na mboga hupangwa kwenye sahani nyingine, na pembeni unakuwepo wali mweupe. Kila mtu hujichanganyia mwenyewe: mmoja anatia wali kwenye supu, mwingine anakunywa supu kwanza ndipo aguse nyama. Pilipili za kuloweka kwenye siki pamoja na vitunguu na karoti, chilero kwa jina lao, huwekwa katikati ya meza. Achari ya pilipili ya pwani inafanya kazi ileile. Ndimu pia hukamuliwa.

Asiyependa kupika huenda kwenye soda. Hilo si jina la kinywaji, ni migahawa midogo ya kule inayouza chakula cha nyumbani kwa bei ya mtu wa kawaida, kama kwa mama lishe.

Kilichobaki

Chungu hiki hutoa chakula kingi na ni nadra kuisha siku moja. Kosa la wengi ni kukiacha jikoni usiku kucha kikiwa kimefunikwa. Sufuria kubwa ya supu hupoa polepole sana, na katika ule uvuguvugu bakteria wa Clostridium perfringens huzaliana kwa kasi. Ndio wanaosababisha matumbo kuuma na kuhara baada ya shughuli zenye masufuria makubwa. Gawa supu kwenye vyombo vidogo ipoe haraka, na ndani ya saa mbili iwe imeingia kwenye friji. Asiye na friji apike kiasi cha kuisha siku hiyohiyo. Wakati wa kupasha moto, ichemke kabisa, isiishie kuwa vuguvugu.

Nyama ya jana ina kazi yake. Huko kwao huchambuliwa kwenye mifupa, ikakatwakatwa na kupikwa na kitunguu, hoho na chayote iliyokatwa vipande vidogo sana. Hiyo ni picadillo, na huliwa na chapati ya mahindi.