Mahitaji ya Bukini

Fomu yenyewe ni ya ukurasa mmoja. Jina la nchi, mji mkuu, lugha, fedha, dini, halafu chini kabisa kisanduku kikubwa kuliko vingine vyote: Mahitaji ya kiroho. Kila safari ya injili ya ushirika wetu wa wanafunzi huanza na fomu hii, na kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma shahada ya uzamili ya historia, kila mara inaniangukia mimi. Ya Malawi niliijaza jioni moja. Ya Zambia nayo vivyo hivyo. Ya Madagaska, ambako tunakwenda kwa wiki mbili mwezi wa nane, imenichukua karibu miezi mitatu, na kiongozi wetu ameshaacha kuniulizia kwa upole.

Rasimu ya kwanza niliimaliza upesi. Kwenye kisanduku cha mwisho niliandika kwamba wengi bado wanawaabudu wazee wao waliokufa, kanisa ni changa, na watu wana kiu ya Neno. Maneno hayo niliyatoa kwenye ripoti yetu ya safari nyingine, nikabadilisha jina la nchi tu. Naona haya kulisema hili, maana mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiniletea kazi ya namna hiyo kwenye semina namrudishia.

Kilichonikwamisha kilikuwa kisanduku kidogo cha lugha. Nilitaka kuongeza maneno machache ya kujifunza kabla ya kuondoka: asante, habari, chakula. Nikapata orodha ya wanyama wa kufugwa. Ng'ombe ni omby. Kuku ni akoho. Mbuzi ni osy, kondoo ni ondry, na kanga, yule ndege mwenye madoa, ni akanga. Nilisoma orodha ile kwa sauti, peke yangu chumbani, nikacheka.

Wanaisimu wamekwisha kulieleza jambo hili. Kimalagasi asili yake ni upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Ndugu yake wa karibu kabisa ni Kima'anyan, lugha ya watu wa kusini mwa Borneo. Lakini maneno ya mifugo yalitoka huku kwetu, kwenye lugha za Kibantu za pwani ya Afrika, pamoja na mifugo yenyewe na watu waliovuka nayo. Wazee wa pwani yetu hawakuiita nchi ile Madagaska. Waliiita Bukini, na watu wake Wabuki. Kaskazini magharibi mwa kisiwa kulikuwa na mji wa biashara ulioitwa Mahilaka, wenye Waislamu na ukuta wa mawe, ukifanya biashara na miji ya Waswahili karne nyingi kabla Mreno yeyote hajatia nanga. Kwenye fomu yangu, chini ya "uhusiano na Tanzania", nilikuwa nimeandika: hakuna.

Jambo la pili lilikuwa matamshi. Omby hutamkwa "umbi". Herufi o katika Kimalagasi ni u, na aliyeidhinisha iwe hivyo alikuwa mfalme. Radama wa Kwanza, aliyetawala ufalme wa Imerina kutoka mlima wa Antananarivo, alikuwa na makatibu walioandika Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu, maandishi yanayoitwa sorabe, kama sisi tulivyoandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Mwaka 1823 aliamua lugha yake iandikwe kwa herufi za Kilatini. Washauri wake walikuwa Waingereza na Wafaransa, na kila upande ulivutia kwake. Konsonanti zikafuata zaidi Kiingereza, irabu zikafuata zaidi Kifaransa. Kila nikisoma habari za wamisionari walioleta maandishi Afrika humkumbuka mtu huyu, ambaye alikuwa nayo tayari, akachagua mengine.

Wamisionari wenyewe aliwataka yeye. Mwaka 1817 alifanya mkataba na gavana Mwingereza wa Mauritius, Robert Farquhar: Radama angekomesha kuuza watumwa nje ya nchi, naye angepata silaha, wakufunzi na mafundi. Shirika la Kimisionari la London liliingia kwa mlango huo. Vijana wawili wa Wales, David Jones na Thomas Bevan, walishuka Toamasina mwaka 1818, kisha wakaleta wake zao na watoto wachanga. Homa ikawakuta pwani. Katika miezi michache Bevan, mkewe na mtoto wao walikuwa wamekufa, na mke wa Jones na mtoto wake pia. Anayeijua habari ya Krapf, aliyemzika mkewe Mombasa mwaka 1844 miezi miwili tu baada ya kufika, anajua historia hizi zilivyoanza. Jones alirudi Mauritius akiwa mgonjwa, kisha mwaka 1820 akapanda hadi Antananarivo na kufungua shule.

Radama alikufa 1828, akamfuata mkewe, Ranavalona wa Kwanza. Huyu ndiye niliyekuwa nikimngoja, maana katika vitabu vya kanisa yeye ni Yezebeli. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mwaka 1831 aliwaruhusu raia wake wabatizwe. Halafu kuna kisa cha sabuni, ambacho nimekisimulia kwa kila aliyekubali kukaa anisikilize. Serikali ya malkia ilipoanza kuona kwamba wageni hawa wameshafundisha ya kutosha, waliulizwa wanajua nini kingine. Je, wanaweza kutengeneza sabuni kwa vitu vinavyopatikana humu humu nchini? James Cameron, fundi Mskoti wa misheni, akaomba wiki moja. Wiki ikaisha, akaleta vipande viwili vya sabuni. Kazi ya misheni ikapata miaka mingine. Waliokaa katika miaka hiyo walitafsiri na kuchapa Biblia.

Tarehe 1 Machi 1835, mbele ya mkutano mkubwa pale Mahamasina, malkia alipiga marufuku Ukristo kwa raia wake. Wageni wangeweza kuendelea kusali kwao na kufundisha kazi za mikono. Waliokatazwa walikuwa Wamalagasi. Ukimfuata bila hasira, hoja yake inaeleweka. Ufalme wake ulisimama juu ya baraka za wazee waliotangulia na hirizi za taifa zilizoitwa sampy. Sasa palikuwa na watu waliokutana usiku, watumwa na mabwana pamoja, wakimwomba babu wa watu wengine. Nilipoandika sentensi hiyo kwenye daftari nilisimama nikatembea kidogo. Mimi ni Mkristo, na nilikuwa nimemwelewa Ranavalona.

Wamisionari waliobaki walimaliza kuichapa Biblia nzima katikati ya mwaka huo huo, wakaacha nakala mikononi mwa waumini na nyingine zimefichwa. Wa mwisho waliondoka 1836. Waliporuhusiwa kurudi, baada ya malkia kufa Agosti 1861, ilikuwa imepita miaka 25.

Hapo ndipo fomu iliponishinda kabisa. Kwenye mihtasari niliyokuwa nikinakili, miaka hiyo hupewa sentensi moja: kanisa liliteswa. Lakini lilikuwa kanisa la nani? Waliokuwa wakilichunga walikuwa wakulima, askari, wafanyabiashara wadogo na wanawake. Walikutana kwenye mapango na nyumba za mbali, wakasoma vitabu vilivyozikwa ardhini mchana na kufukuliwa usiku. Tarehe 14 Agosti 1837 mwanamke kijana aliyeitwa Rasalama alichomwa mikuki pale Ambohipotsy akiwa amepiga magoti. Huku kwetu tunahesabu mashahidi kuanzia Uganda, na kila tarehe 3 Juni watu hutembea kwa miguu hadi Namugongo. Rasalama alitangulia karibu nusu karne. Mwaka 1849 watu wapatao 1,900 waliadhibiwa: faini, vifungo, kuvuliwa vyeo, kutiwa utumwani. Kumi na wanane kati yao waliuawa, kumi na wanne kwa kutupwa kutoka kwenye jabali la Ampamarinana na wanne wa ukoo bora kwa kuchomwa moto Faravohitra. Na William Ellis alipoingia mjini mwaka 1862, wale mamia waliokuwa wameachwa walikuwa maelfu.

Siwezi kuwaambia watu wa ushirika kwamba kanisa hilo ni changa.

Ningependa hadithi iishie hapo, na rasimu yangu ya pili iliishia hapo. Profesa wangu aliisoma akaandika pembeni neno moja: "Endelea." Nikaendelea. Mwaka 1869 malkia mwingine, Ranavalona wa Pili, alibatizwa pamoja na waziri mkuu wake, Rainilaiarivony, na hirizi za taifa zikachomwa moto. Kanisa la mapangoni likawa kanisa la ikulu. Vijijini, kwenda ibadani na kupeleka watoto shule vikaingia kwenye fanompoana, kazi ya lazima kwa mtawala. Na Wakristo wenye uwezo walikuwa na watumwa. Miongoni mwa watumwa hao walikuwamo Wamasombika, walioitwa hivyo kwa sababu walivushwa kutoka pwani ya Msumbiji, wengi wao Wamakua. Wamakua wapo pia kusini mwa Tanzania, Masasi na kwingineko. Waliachwa huru 1877, wakati wenzao wa kisiwani walingoja hadi 1896. Wafaransa walipoiteka Antananarivo mwaka 1895, waasi wa Menalamba walioinuka dhidi yao walichoma makanisa, na pale Arivonimamo waliua mmisionari wa Kanisa la Marafiki pamoja na mkewe na mtoto. Kwao kanisa na kazi ya lazima vilikuwa kitu kimoja.

Niliyasoma haya yote mbele ya kikundi Jumamosi iliyopita. Nilipewa dakika tano, nikatumia arobaini. Dada mmoja wa mwaka wa pili aliuliza swali nililokuwa naliogopa: "Sasa sisi tunaenda kufanya nini?" Kiongozi wetu hakunijibu mimi wala yeye moja kwa moja. Alisema fomu ile ndiyo wanayosomewa wachangiaji, na mchangiaji hatoi nauli ya ndege kwa ajili ya kanisa lenye miaka mia mbili. "Andika mahitaji," akasema. "Kila nchi ina mahitaji." Hakukosea. Nauli ni kubwa, na wengi wetu tunategemea michango hiyo. Mimi mwenyewe bila michango siendi.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwezi wa kwanza. Nilimwandikia mchungaji atakayetupokea nje ya Antananarivo, kwa Kifaransa changu cha kubabaisha, nikamuuliza usharika wake unahitaji nini. Jibu lilikuja siku ya pili, mistari mitatu. Tusibebe vitabu, wanavyo. Kama kwaya yetu ina nyimbo za Kiswahili, vijana wangependa kuzijua. Na kama miongoni mwetu yupo anayejua kutengeneza kinanda cha umeme, chao noti za chini hazilii tangu mwaka jana.

Tunaye mmoja, anasoma uhandisi wa umeme. Nilipomwambia aliuliza ni kinanda cha kampuni gani, nami nikaandika tena kuuliza. Kisanduku cha mwisho nimekijaza hivi: Kinanda kimoja, noti za chini. Kiongozi bado hajaweka sahihi.